Hesabu tatu za mwaka mmoja: kodi ya dereva wa Houston anayetaka kumleta mama yake

Dereva wa kisa hiki alizaliwa Mombasa, ni raia wa Marekani, ana umri wa miaka 34, hana mke wala mtoto, na anakaa Alief, kusini-magharibi ya jiji la Houston. Mpaka mwisho wa mwaka 2023 alikuwa mwajiriwa katika bohari, na kodi yake ilikatwa kwenye mshahara kabla hajaitia machoni. Januari 2024 ilimfikia zamu yake ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana; akaongezea akiba aliyokuwa nayo, akanunua Toyota Camry iliyokwisha kutumika kwa dola 19,500 taslimu, na akaanza kubeba abiria kwa programu ya simu. Mwaka mzima hakulipa senti ya kodi, si kwa ujanja bali kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba sasa mkataji wa kodi ni yeye mwenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025 alifungua akaunti yake ya kampuni ya programu hiyo akakuta fomu mbili za kuripoti mapato: 1099-K iliyoandikwa dola 71,400, na 1099-NEC ya bonasi, dola 1,200.

Usingizi ukamruka. Mwenzake mmoja wa kule uwanja wa ndege alimwambia kodi ya waliojiajiri ni asilimia 30, kwa hiyo atenge dola 22,000 hivi. Mwingine alimwambia asijisumbue na fomu, atazame benki tu, kwa kuwa kilichoingia benki ndicho kipato, na kilichoingia ni dola 50,300. Wote wawili walikosea, na makosa yao yanafaa kuchambuliwa kwa sababu yanatoka mahali pamoja: kudhani kwamba mwaka wa kazi una hesabu moja. Mwaka wa dereva una hesabu tatu. Kuna pesa aliyolipa abiria, kuna pesa iliyomfikia dereva, na kuna faida inayotambuliwa na sheria ya kodi, ambayo haionekani kwenye karatasi yoyote mpaka mtu akae aipige.

Hesabu ya kwanza ndiyo ya 1099-K. Kampuni huandika humo kila kilichotozwa abiria, pamoja na sehemu yake yenyewe ambayo dereva hakuishika hata kwa dakika moja. Kwa dereva wetu, ada na kamisheni za kampuni zilifika dola 22,300 kwa mwaka. Jumla ya fomu zote mbili ni dola 72,600. Ukiondoa 22,300 unapata zile 50,300 za benki, ambazo ndizo hesabu ya pili. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi asiandike 50,300 kwenye mstari wa mapato ya jumla na kumaliza. Hapana. Nakala ya fomu hizo iko tayari IRS, yaani idara ya kodi ya Marekani, na kompyuta zao hulinganisha. Akiandika 50,300 pale juu, atapata barua ya kumwuliza tofauti iko wapi. Njia sahihi ni kuandika 72,600 kwenye Schedule C, fomu ya faida na hasara ya biashara, kama mapato ghafi, kisha kuziandika 22,300 kwenye mstari wa kamisheni na ada. Matokeo ni yaleyale, ila hili la pili halizai barua. Nami ninaongeza, kwa kuwa suala hili huulizwa kila mwaka: kiwango cha kutolewa kwa 1099-K kimebadilishwa mara kadhaa miaka ya karibuni, lakini hata dereva asiyepata fomu yoyote anadaiwa kodi ya alichokipata.

Hesabu ya tatu ndiyo yenye kazi, na kazi yenyewe ni ya maili.

Sheria inampa dereva njia mbili za kuondoa gharama za gari. Anaweza kutumia kiwango cha maili kilichowekwa na IRS, ambacho kwa mwaka 2024 kilikuwa senti 67 kwa kila maili ya kazi, au anaweza kukusanya gharama halisi, yaani petroli, bima, tairi, oili, matengenezo na uchakavu wa gari, kisha akatoa sehemu inayolingana na matumizi ya kazi. Zile senti 67 zimekwisha kubeba yote hayo. Dereva wetu alikuja kwangu, mimi niliyemsaidia kujaza fomu, na risiti za kuosha gari zimefungwa kwa mpira, akitaka zihesabiwe juu ya maili. Hazihesabiki, kwa kuwa kuosha gari kumo ndani ya kiwango. Vinavyobaki nje, na vinavyoweza kuongezwa, ni ada za barabara na za maegesho za safari za kazi, kwake dola 1,340, na sehemu ya simu inayotumika kazini, dola 672, yaani asilimia 80 ya bili ya mwaka ya dola 840. Chakula chake cha mchana hakimo, hata kama hukila ndani ya gari akisubiri abiria.

Sasa maili zenyewe. Muhtasari wa mwaka uliotolewa na kampuni ulionyesha maili 27,100, na madereva wengi huchukua namba hiyo na kuondoka nayo kana kwamba ni neno la msahafu. Namba hiyo ilihesabu safari zenye abiria na mwendo wa kwenda kumchukua abiria aliyekwisha kupatikana. Haikuhesabu dereva anapomshusha mtu The Woodlands, mbali kaskazini ya jiji, saa tano usiku, kisha akarudi mjini gari tupu huku programu ikiwa wazi akitafuta mwingine. Maili hizo tupu nazo ni za kazi. Kwa bahati, mama yake alikuwa na duka Likoni, na mtoto wa duka hukua na daftari. Ndani ya mfuko wa mlango wa Camry kulikuwa na daftari la shule, kurasa 96, ambamo kila siku aliandika tarehe, namba ya maili kwenye dashibodi anapotoka, namba anaporudi, na neno moja au mawili ya mahali alipokwenda: "Hobby", "mjini", "Galleria". Wiki ya Julai 8 ilikuwa tupu. Nilimwuliza kwa nini, akanitazama kama mtu aliyesahau msiba wa jirani: ilikuwa wiki ya kimbunga Beryl, umeme ulikatika, simu haikuwa na chaji, hakutoka. Ukurasa mtupu wa namna hiyo huipa rekodi nguvu kuliko daftari lililojazwa kila siku kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Daftari lilijumlisha maili 41,300. Tulipunguza 3,300. Hizo zilikuwa mwendo wa asubuhi kutoka nyumbani Alief hadi uwanja wa ndege wa George Bush, upande wa pili wa jiji, programu ikiwa imezimwa kwa kuwa hakutaka abiria wa njiani. Safari ya kutoka nyumbani kwenda mahali pa kuanzia kazi kwa kawaida ni safari ya binafsi, na kodi haiitambui. Wako wanaobishana kwamba gari la abiria likishatoka getini liko kazini. Mimi huwa upande wa tahadhari, hasa pale programu ilipozimwa. Zilibaki maili 38,000 za kazi. Risiti ya kubadilisha oili ya Januari na ile ya mwisho wa Desemba, zote zikiwa zimeandikwa namba ya dashibodi, zilionyesha kwamba gari lilitembea maili 47,500 kwa mwaka. Kwa hiyo kazi ni asilimia 80 kamili, na maili 9,500 ni zake binafsi.

Risiti hizo mbili za oili ndizo zilizomwokoa na jambo lingine. Kabla hajaja kwangu alikuwa amekwenda kwa mjaza fomu mmoja mtaani, ambaye alimwahidi kuandika maili 55,000 "kama tunavyowaandikia wote", kwa malipo ya taslimu, na ambaye hakuwa tayari kutia saini yake kwenye fomu. Anayelipwa kujaza fomu ya kodi anatakiwa kuwa na namba ya PTIN, ambayo IRS huwapa wajaza fomu, na kutia saini. Akikataa, aliyebaki na fomu ni mwenye jina lililo juu yake. Halafu gari lenyewe lilitembea maili 47,500 zote pamoja na za sokoni na msikitini. Maili 55,000 zingekuwa zimetembea bila gari.

Tupige hesabu kwa kiwango cha maili. Maili 38,000 kwa senti 67 ni dola 25,460. Kutoka 50,300 toa 25,460, toa 1,340, toa 672: faida ni dola 22,828. Tofauti kati ya kufuata daftari na kufuata muhtasari wa kampuni, maili 10,900, ni zaidi ya dola 7,300 za faida ambazo angelipia kodi bure.

Juu ya faida hiyo zinakuja kodi mbili, na ya kwanza ndiyo inayowashangaza waliotoka kwenye ajira. Kodi ya kujiajiri ni mchango wa Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida. Mwajiriwa hulipa nusu, na mwajiri nusu. Aliyejiajiri ni mwajiri na mwajiriwa ndani ya shati moja, analipa zote. Kwa dereva wetu inakuja dola 3,225. Kisha kodi ya mapato: faida hupunguzwa kwa nusu ya ile kodi ya kujiajiri, kwa punguzo la kawaida la asiyeoa, dola 14,600 kwa mwaka 2024, na kwa punguzo la asilimia 20 la mapato ya biashara, ambalo hapa linahesabiwa juu ya kiasi kilichosalia baada ya mapunguzo mawili ya kwanza. Kinachobaki cha kutozwa ni dola 5,292, na kodi yake kwa asilimia 10 ni 529. Jumla ni dola 3,754. Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo hesabu inaishia hapo. Kutoka dola 22,000 alizotishwa nazo hadi 3,754: nilimwona akiinuka kitini, akaketi tena, akaomba nirudie.

Kama angekuwa na haja hiyo tu, kisa kingekwisha. Lakini kabla hajaondoka alitoa bahasha nyingine. Januari hiyohiyo ya 2025 alikuwa ametuma ombi la fomu I-130 ili mama yake, aliye Mombasa, apewe grini kadi. Raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake, lakini mbele ya safari atatakiwa kutia saini hati ya udhamini, I-864, na kuonyesha kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Kwa familia ya watu wawili, yeye na mama yake, kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa dola 21,150, na asilimia 125 yake ni dola 26,437. Kipato kinachosomwa kwanza ni kile cha fomu ya kodi ya mwaka wa karibuni. Cha benki hakisomwi, wala cha 1099-K. Ni hesabu ya tatu, zile 22,828. Alipungukiwa na dola 3,609.

Hapa ndipo madereva wengi wanapoanza kutafuta mlango wa nyuma, na wa kwanza wanaouona ni huu: basi tuache daftari, tutumie maili 27,100 za kampuni. Faida ingekuwa dola 30,131, mama angepita. Lakini msimamo wa IRS, wa miaka mingi, ni kwamba faida ya aliyejiajiri inapigwa kwa kuondoa gharama zote zinazoruhusiwa. Mtu hachagui kuacha baadhi ili aonekane tajiri, kama asivyochagua kuongeza ili aonekane maskini. Mwenye daftari la maili 38,000 hawezi kusema kwa saini yake kwamba alitembea 27,100.

Kilicho halali ni kuchagua njia, kwa kuwa sheria yenyewe imeweka njia mbili mbele yake. Gharama halisi za Camry kwa mwaka zilikuwa dola 4,700 za petroli, 3,100 za bima, 2,600 za tairi, oili na matengenezo, 500 za kuosha (zile risiti za mpira sasa zikapata kazi), na 100 za usajili na ukaguzi: jumla 11,000, na asilimia 80 yake ni 8,800. Uchakavu wa mwaka wa kwanza, kama atakataa kwa maandishi ule wa ziada unaoruhusiwa kuondolewa kwa mkupuo, ni asilimia 20 ya sehemu ya kazi ya bei ya gari, yaani dola 3,120. Gharama zote za gari ni dola 11,920 badala ya 25,460. Faida inapanda hadi dola 36,368, mama anapita bila wasiwasi, lakini kodi nayo inapanda: 5,139 ya kujiajiri na 1,611 ya mapato, jumla 6,750. Bei ya kupita kwa njia hii ni dola 2,996.

Kuna njia nyingine za pembeni. Dada yake ni muuguzi Minnesota, na mdhamini mwenza mwenye kipato cha kutosha anakubalika. Yeye hakulitaka hilo. Hati ile ni mkataba unaomfunga mdhamini kwa miaka, na shemeji alikuwa amekwisha kuguna. Mali pia inaweza kuziba pengo, lakini kwa mzazi inatakiwa thamani mara tano ya pengo lenyewe, yaani dola 18,045, na Camry haihesabiwi kwa kuwa ni gari lake la pekee.

Alikuwa tayari kulipa zile 2,996. Akasema, mama ni mama. Nikamwomba kwanza anionyeshe tarehe kwenye karatasi ya I-130.

Tarehe ndiyo iliyobadilisha jibu. Ombi lilikuwa na wiki chache tu. Hatua hiyo ya kwanza mara nyingi huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na ni baada ya kukubaliwa ndipo faili huenda kituo cha viza na hati ya udhamini hudaiwa. Kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba siku hiyo ikifika, fomu ya kodi ya karibuni itakuwa ya 2025, si hii ya 2024. Na kanuni ya njia hizi mbili ni mlango unaofunguka upande mmoja. Dereva mwenye gari lake akianza na kiwango cha maili mwaka wa kwanza, anaweza kuhamia gharama halisi mwaka wowote unaofuata. Akianza na gharama halisi, gari hilo haliwezi kurudi kwenye kiwango cha maili maisha yake yote. Kwa hiyo kuchagua gharama halisi mwaka 2024 kungekuwa kulipa karibu dola 3,000 kwa karatasi ambayo huenda asiulizwe, na kujifungia mlango wa miaka ya mbele.

Uamuzi wetu ukawa kutumia maili kwa 2024. Tulikubaliana kwamba akiona mwanzoni mwa 2026 kuwa ombi limekubaliwa, atajaza fomu ya 2025 kwa gharama halisi. Kuna jambo dogo la kukumbuka: katika zile senti 67, senti 30 zinahesabiwa kuwa ni uchakavu, kwa hiyo maili 38,000 zimekwisha kula dola 11,400 za thamani ya gari, na sehemu ya kazi iliyobaki ya kuchakaza ni takriban 4,200, tena kwa mafungu sawa ya kila mwaka. Kwa kawaida hiyo ni hasara. Kwake yeye ni faida, kwa kuwa uchakavu mdogo unaacha kipato kikubwa kwenye karatasi, takriban dola 38,000 kazi na gharama zikibaki zilivyo. Kipato hicho kikubwa hakipotei chote, kwani pensheni ya Social Security hupigwa kwa kilichoandikwa katika miaka 35 bora ya mtu. Sitasema hilo linafidia kodi, ila si maji ya kumwaga.

Lilibaki la kulipa. Aprili 15, 2025 ilikuwa siku yenye kucha mbili kwa aliyejiajiri: ilikuwa mwisho wa kulipa kodi ya 2024, na pia siku ya awamu ya kwanza ya 2025. Alidaiwa 3,754, na juu yake adhabu ya kutolipa kwa awamu, ambayo haikufika dola 200. Awamu za 2025 zilikuwa rahisi kupanga: akilipa kwa mafungu manne jumla isiyopungua kodi ya mwaka uliotangulia, hatozwi adhabu hiyo hata kodi ya 2025 ikipanda. Robo ya 3,754 ni dola 939, kwa tarehe za Aprili 15, Juni 16, Septemba 15 na Januari 15, 2026. Mfukoni alikuwa na 2,100. Nilimshauri aziweke zote kwenye deni la zamani, kwa kuwa hilo lina riba na pia adhabu ya nusu asilimia kila mwezi, wakati awamu iliyochelewa inakua kwa kiwango cha riba tu. Iliyobaki aombe mpango wa kulipa ndani ya siku 180, ambao hauna ada ya kuufungua. La kutofanya ni kuchelewesha fomu kwa sababu pesa haijatimia. Kuchelewesha fomu ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, mara kumi ya kuchelewesha malipo.

Alitia saini fomu Aprili 9. Wakati wa kufunga daftari aliniuliza, kwa uso wa mtu aliyekwisha kulifikiria, kama siku atakapokwenda George Bush kumpokea mama yake zile maili za kwenda na kurudi ataziandika upande wa kazi, maana huo uwanja wa ndege ndiyo ofisi yake. Nilimwambia aziandike kule kwenye 9,500.